Canter inavuja oili ya pawa: tafuta chanzo kabla hujanunua mpira

Asubuhi unatoka na dumu la maji ya rejeta, unakuta doa jekundu mchangani chini ya kabini, upande wa dereva. Unafungua kikopo cha pawa, ule mfumo unaolainisha usukani, oili imeshuka chini ya alama. Unaongeza, unaondoka, na kesho yake doa liko palepale. Wengi tukifika hapo tunakimbilia dukani kununua mpira, lile bomba la mpira linalopitisha oili hiyo. Mimi nilikimbia hivyo hivyo, nikabadilisha mpira mmoja mara 2 ndani ya miezi 4, kwa sababu sikujiuliza ule wa kwanza uliharibiwa na nini. Wa pili ulipasuka nimebeba nyanya za Ilula, nikiwa bado sijaanza kuteremka mlima Kitonga. Namshukuru Mungu kwamba ulipasuka pale juu, maana usukani wa lori lenye mzigo bila pawa kwenye zile kona si kitu cha kumwombea mtu.

Nayaandika haya kwa mwenye Canter, Isuzu au lori jingine dogo la dizeli anayetaka kuifanya kazi hii uani kwake. Inawezekana kabisa. Lakini nusu ya kazi ni kutafuta chanzo, na hiyo nusu ndiyo watu wanairuka.

Hakikisha kwanza ni oili ya pawa

Tandika karatasi nyeupe au boksi lililokunjuliwa chini ya lori usiku, uliwekee mawe lisipeperuke. Asubuhi litakwambia mengi. Oili nyekundu au ya rangi ya waridi, yenye kuteleza na harufu kali kidogo, ni ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, na ndiyo inayowekwa kwenye pawa ya malori mengi ya Kijapani. Ikiwa ya zamani huwa kahawia na kunuka kuungua. Oili nyeusi nzito ni ya injini. Kimiminika chepesi cha manjano hafifu kinachobabua rangi ya chuma ni cha breki au klachi, na hicho ukikiona usiendeshe mpaka ujue kinatoka wapi. Maji ya rejeta yenye dawa ya kijani au nyekundu ni mepesi, hayatelezi kama oili. Dizeli utaijua kwa harufu kabla hujainama.

Tone linapoangukia sipo lilipoanzia. Oili hutambaa juu ya mpira, ikashika bomba, ikafuata chesi, ikadondoka nusu mita kutoka pale ilipotokea, na upepo wa barabarani unaisukuma nyuma zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, osha. Brashi, dizeli kidogo au mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga na maji, injini ikiwa imepoa. Kausha vizuri. Halafu paka unga wa chaki au poda ya mtoto kwenye viungio vyote: pale mpira unapoingia kwenye pampu, kwenye boksi la stelingi (lenye gia za usukani), kwenye kikopo, na pale mpira unapounganika na chuma. Washa injini dakika chache, mtu akate usukani kulia na kushoto, kisha zima uangalie. Poda iliyolowa inakuonyesha mstari mwekundu tangu mwanzo wake. Ufuate mstari kwenda juu, sio chini.

Usipapase kwa mkono

Hapa sitaki mtu anisome haraka. Mpira wa presha, usukani ukikatwa mpaka mwisho, unaweza kubeba bar 100 na zaidi. Bar ni kipimo cha presha; bar 100 ni kama psi 1,450. Tairi la mbele la Canter halina hata moja ya kumi ya hiyo. Tundu dogo kama la sindano linatosha kurusha oili ya moto, nayo inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda chake kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana mwanzoni, lakini ndani mkono unaoza na mtu anaweza kukatwa kidole au kiganja. Ikikupata, nenda hospitali siku hiyohiyo, tena upesi, na uwaambie wazi kwamba ni oili ya presha imeingia chini ya ngozi, wasije wakakufunga bandeji wakakurudisha nyumbani.

Kwa hiyo unapotafuta tundu injini ikiwa inaunguruma, tumia kipande cha boksi kwenye kijiti kirefu, ukipitishe karibu na mpira. Boksi likilowa, hapo hapo. Macho yawe na miwani.

Inavuja wakati gani?

Mipira kwa kawaida ni mitatu: wa kunyonya, kutoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, wa presha, kutoka kwenye pampu kwenda kwenye boksi la stelingi, na wa kurudisha, kutoka kwenye boksi kurudi kwenye kikopo. Magari ambayo kikopo kimekaa juu ya pampu yenyewe yana miwili tu. Muda wa kuvuja unakuambia ni upi.

Ukiona inavuja lori likiwa limelala usiku kucha, injini imezimwa, hapo hakuna presha yoyote, kwa hiyo mshukiwa ni wa kunyonya, wa kurudisha, au kikopo kilichopasuka. Mara nyingi ni klipu iliyolegea au mpira uliokakamaa mwishoni ukapasukapasuka kama kisigino. Kata sentimita 2 za mwisho kama urefu unaruhusu, weka klipu mpya, umemaliza bila kununua mpira.

Ukiona kukavu ukiwa umesimama, lakini kunalowa injini ikiunguruma, na kunarusha hasa ukikata usukani, huo ni wa presha. Angalia pale mpira unapominywa na chuma chake mwishoni. Hapo ndipo wengi wanapoanza kutokwa jasho kabla ya kupasuka. Jasho hilo usilidharau. Angalia pia bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati: washa zake, zile pete za shaba za kuziba, zikichoka oili inatoka pembeni ya bolti na mtu analaumu mpira mzima.

Oili inapungua lakini chini pakavu kabisa? Malori mengi ya dizeli yana pampu ya pawa inayozungushwa na gia za injini, haina mkanda. Sili ya shafti yake ikifa, oili ya pawa inaingia kwenye injini. Chomoa kijiti cha oili ya injini: kama kiwango kinapanda bila wewe kuongeza, usinunue mpira wowote. Hiyo ni pampu.

Na kama oili inatoka chini ya boksi la stelingi, pale shafti inaposhuka kushika mkono unaosukuma matairi, hiyo ni sili ya boksi. Nimeona watu wakibadilisha mipira yote mitatu huku tone linatoka hapo.

Usukani mzito, unalia, lakini hakuna tone

Mpira wa kunyonya una tabia yake. Kwa kuwa pampu inavuta, tundu lake linaweza lisitoe oili bali likaingiza hewa. Fungua kikopo injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, umulike na tochi: ukiona povu la rangi ya waridi kama la sabuni, na pampu inalia kama ng'ombe anayeita ndama, unavuta hewa. Kaza klipu, badilisha mpira ule. Ni wa bei ndogo na hauna presha, lakini uwe mpira wa oili. Mpira wa maji wa rejeta hulainika ndani kwa oili na baada ya muda unajifunga wenyewe.

Usukani mzito wakati wote, oili imejaa na haina povu: inua ekseli ya mbele kwa jeki matairi yaache ardhi, weka stendi, injini imezimwa, kata usukani. Ukiwa bado mgumu kabisa, tazama kingi pini (pini ambazo matairi ya mbele hugeukia) zilizokosa grisi na viungio vya stelingi kabla ya kugusa pawa. Mzito upande mmoja tu na mwepesi upande wa pili, tatizo liko ndani ya boksi. Kama pampu yako ni ya mkanda na unasikia mlio mkali ukikata mpaka mwisho, mkanda unateleza, pengine kwa sababu umelowa oili inayovuja; tibu uvujaji, kisha weka mkanda mwingine, maana uliolowa ATF haurudi kuwa mzuri.

Mpira uliharibiwa na nini?

Chukua mpira wa zamani, uukunje polepole mwanga ukiwa nyuma yako. Usome.

Wangu ulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu kama kidole, ukanda uliong'aa, na katikati yake nyuzi za chuma zimetokeza zina kutu. Nilirudi chini ya lori nikakuta kwenye chesi alama inayong'aa ya urefu uleule. Klipu iliyoushika mpira mbali na chesi haikuwepo. Fundi aliyeshusha boksi mwaka uliotangulia hakuirudisha, na mimi sikuikagua. Mpira wa pili niliufunga palepale nikaupeleka kwenye kisu kilekile. Klipu ya bei ya soda ingenitosha.

Ukiukuta mgumu kama fimbo, una nyufa ndogondogo pande zote, umeiva kwa joto: tazama umepita karibu kiasi gani na ekzosi, na kama kile kibati cha kukinga joto bado kipo. Ukiwa umevimba na laini, oili iliyowekwa si yake. Ukipasuka karibu na kichwa cha chuma huku mwili wote ni mzima, ulikuwa mfupi au ulifungwa umejisokota. Boksi la stelingi limefungwa kwenye chesi lakini injini inacheza juu ya raba zinazoishikilia kila unapokanyaga mafuta. Mpira usio na nafasi ya kucheza unavutwa mara elfu kwa siku.

Kuutoa

Lori liwe tupu, mahali tambarare na pagumu, matairi yanatazama mbele, hendibreki imevutwa, mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Toa kila kitu kinachoweza kuanguka ndani ya kabini. Inua kabini, na uhakikishe fimbo yake ya kuzuia imekaa na kufunga kabisa, uisukume kwa mkono uone. Usifanye kazi chini ya kabini inayoshikiliwa na kitu kingine chochote. Subiri injini ipoe.

Piga picha kwa simu, nyingi, uonyeshe mpira unapita wapi na klipu ziko wapi. Utazihitaji kuliko unavyofikiri.

Safisha viungio tena kabla ya kufungua. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye pampu inaikwaruza ndani. Vuta oili ya kikopo kwa bomba la sindano kubwa, weka beseni chini, kisha chomoa mpira wa kurudisha uache imwagike. Nati za bomba la chuma zinashikwa na kutu. Zipulizie dawa ya kulegeza jioni ya kabla yake. Tumia spana ya nati za paipu, ile inayokumbatia pande nyingi, kwa sababu spana ya kawaida inakula pembe za nati na ukishaziviringisha kazi ya saa 2 inakuwa ya siku 2. Spana ya pili ishike kiungio kinachobaki, la sivyo unasokota bomba zima. Matundu yaliyobaki wazi yazibe kwa mfuko safi wa plastiki na mpira wa kufungia. Usizibe kwa tambara, linaacha nyuzi.

Kupresi mpira mpya

Mpira halisi wa gari lako ukiupata, chukua. Umetengenezwa utanuke kidogo ili umeze mapigo ya pampu. Usipoupata, au bei ikikushinda, nenda na mpira wa zamani mahali wanapopresi mipira ya haidroliki, yaani wanakata mpira mpya na kuubana vichwa vya chuma kwa mashine. Dar es Salaam ulizia mtaa wa Gerezani, na miji mingi yenye malori na matrekta haikosi mtu wa kazi hiyo. Huo wa kupresi utakuwa mgumu zaidi kuliko wa kiwandani, kwa hiyo unaweza kusikia pampu ikivuma kidogo zaidi. Hilo si kosa.

Kabla ya kukata, weka alama ya vichwa vyote viwili vinatazama wapi. Kichwa kimoja kikipinda kidogo tofauti na cha zamani, mpira utajisokota ukiufunga. Pima urefu wote, sio mpira peke yake. Soma maandishi kwenye mpira wanaotaka kukuwekea: 1SN una wavu mmoja wa waya, 2SN una miwili. Wa inchi 3/8 aina ya 1SN hubeba bar 180, wa 2SN bar 330. Usikubali wa uzi wa nguo kwa upande wa presha, hata akikuapia. Waambie pia kwamba unakaa karibu na injini, wakupe unaostahimili joto.

Ukishapresiwa, mwambie apulize hewa ndani yake mpaka utoke safi. Kukata mpira wenye waya kunaacha vumbi la chuma na mpira, na vumbi hilo safari yake ya kwanza ni kwenye boksi lako la stelingi. Mimi nyumbani huusuuza tena kwa ATF kidogo na kuimwaga.

Kuufunga

Weka washa za shaba mpya, pande zote mbili za banjo. Ukizikosa kabisa, za zamani zichome kwa moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zisugue ziwe laini. Shaba inalainika tena na kukaa vizuri. Lakini mpya ni bora.

Anzia nati zote kwa vidole, kila moja iingie mizunguko kadhaa bila spana. Nati inayogoma mwanzoni imekaa upande. Itoe uanze upya. Kabla ya kukaza mwisho, tazama mstari wa maandishi uliochapwa kwenye mwili wa mpira: unapaswa kwenda sawa toka kichwa hadi kichwa. Ukiuona unazunguka kama mzabibu, mpira umesokotwa. Legeza, urudishe, ushikilie, ukaze. Kiwango cha kukaza kiko kwenye kitabu cha gari, fuata hicho. Rudisha klipu zote na kibati cha joto. Ukishamaliza, pitisha vidole kati ya mpira na chesi kila mahali: pasipopita kidole, sogeza.

Kutoa hewa

Jaza kikopo kwa oili inayotajwa kwenye kifuniko au kitabu. Kwa malori mengi ya Kijapani ni ATF ya Dexron. Usichanganye na oili ya rangi nyingine kwa sababu tu ilikuwepo dukani.

Shusha kabini uifunge. Inua ekseli ya mbele, weka stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, mtu akate usukani polepole mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, mara 15 hadi 20, huku wewe unaongeza oili isishuke chini ya alama. Utaona mapovu yanapanda. Yakipungua, washa injini iwe sailensi tu, rudia polepole. Asiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5. Hapo presha iko juu kabisa na oili inachemka haraka. Ikitoka povu jingi, zima, subiri nusu saa, hewa ipande yenyewe. Wengi wanakosa subira hapa, wanakwenda barabarani pampu ikilia, wanasema mpira mpya ni mbovu.

Usukani ukiwa mwepesi na kimya, na kiwango cha kikopo hakibadiliki sana unapozima injini, hewa imekwisha. Kiwango kikiruka juu ukizima, bado ipo.

Kagua viungio kwa kile kipande cha boksi na tochi. Vifute vikauke kabisa, endesha kilomita 20 bila mzigo, kagua tena, kisha tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Ukipasukiwa njiani

Usukani haufi, unakuwa mzito tu, kwa hiyo usipaniki: punguza mwendo, shika kwa mikono miwili, tafuta pa kusimama. Mpira wa kurudisha uliopasuka unaweza kuukata na kuuunga kwa kipande cha bomba na klipu mbili ukafika mjini. Wa presha haufungwi kwa mpira wa tairi wala waya, utaruka. Pampu ya mkanda unaweza kuitoa mkanda kama huo mkanda hauzungushi kitu kingine. Ya gia itaendelea kuzunguka kavu na kujiunguza, kwa hiyo lori livutwe, au usubiri pale mpaka mpira uletwe. Mimi nilisubiri saa 6 pale juu ya Kitonga, tukapakulia nyanya kwenye gari la jirani, na mpira uliokuja jioni ulikuja na klipu yake.